Wanafunzi wa hosteli na chanjo ya mafua: niwatishe, niwalazimishe, au nifanyeje?

"Daktari, mimi ni mlezi wa wanafunzi katika chuo chenye hosteli tatu. Kila msimu wa mafua makali unapoingia, jengo zima linakohoa. Msimu uliopita kijana mmoja mwenye pumu alilazwa siku nne, na wenzake kadhaa wakakosa mitihani. Safari hii tumepata chanjo ya mafua, inatolewa bure kwenye zahanati ya chuo. Nimebandika matangazo, nimewaonyesha hata picha za wagonjwa waliowekewa mashine za kupumulia, lakini wiki mbili zimepita na waliochanjwa hawafiki 40 kati ya 600. Hawataki. Wengine wanasema chanjo yenyewe ndiyo inayoleta mafua. Wengine wanasema wao ni vijana, mafua kwao ni ya siku mbili. Wengine wanauliza: kama inafanya kazi, mbona ni kila mwaka? Mmoja alisimama kwenye kikao akauliza kuhusu chanjo ya korona na moyo, nikakosa jibu, na wote wakaniona. Wenzangu ofisini wanataka tuifanye lazima: asiyechanjwa asipewe chumba muhula ujao. Nifanyeje? Na kweli haina madhara?"

Ndugu mlezi, pole kwa msimu uliopita, na pole zaidi kwa kile kikao. Kusimama mbele ya vijana ukakosa jibu kunauma, na nahisi ndiko kulikokusukuma kuandika. Basi twende taratibu, tupitie kila walilokuuliza, ili ukirudi mbele yao uwe na la kusema.

Kabla ya hapo, naomba nikutoe kwenye neno moja: "hawataki". Kati ya hao zaidi ya 560 waliobaki, waliokataa katakata ni wachache kuliko unavyodhani. Nimekaa kwenye meza za chanjo vyuoni miaka kadhaa, na anayekataa kwa dhati humtambua upesi, kwa sababu anakuja kubishana. Hao wengine hawaji kabisa, na wengi wao hawana ugomvi wowote na sindano. Wana kipindi saa nne, wana kazi ya kukusanya kesho, zahanati inafungwa saa tisa, na kesho nayo ni siku. Wenye shaka wanahitaji majibu. Wasiofika wanahitaji kitu kingine kabisa, na nitakifikia.

Tuanze na yule anayesema chanjo ilimpa mafua. Usimcheke wala usimkatize. Anasimulia jambo lililomtokea kweli: alichanjwa Jumanne, Alhamisi akaamka mwili unauma. Anachokosea ni maelezo ya kwa nini. Chanjo nyingi za mafua za sindano hutengenezwa kwa kukuza virusi, kwa sehemu kubwa ndani ya mayai ya kuku, kisha virusi hivyo huuawa kwa kemikali na kuvunjwavunjwa. Kinachoingia mkononi ni vipande vya ganda la kirusi. Kirusi kilichovunjwa hakiwezi kuzaliana tena, kama yai lililochemshwa lisivyoweza kutotoa kifaranga hata ukimpa kuku alilalie mwezi mzima.

Maumivu basi yametoka wapi? Yametoka mwilini mwake mwenyewe. Seli za ulinzi zikikutana na vipande hivyo vigeni hupiga mbiu, yaani humwaga kemikali za kuitana. Hizo ndizo zinazovimbisha mkono kidogo, na kwa baadhi ya watu zinaleta uchovu na homa ndogo kwa siku moja au mbili. Zaidi ya hapo, watafiti waliwahi kulijaribu jambo hili kwa uwazi: kundi moja likapewa chanjo, jingine likapewa maji ya chumvi tu, bila mtu kujua amechomwa nini. Waliopata chanjo walilalamikia mkono zaidi. Homa, kuumwa mwili na uchovu vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Maana yake, wengi waliougua baada ya sindano wangeugua hata bila sindano, kwa sababu chanjo hutolewa wakati ambao mafua yanazunguka. Kuna virusi zaidi ya 200 vinavyoleta mafua ya kawaida, na chanjo hii haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Inalenga influenza peke yake, yaani yale mafua makali. Tena kinga yake huchukua wiki mbili hivi kukomaa, kwa hiyo aliyeambukizwa siku ya tatu baada ya sindano alikuwa bado hana ngao.

Ipo pia chanjo ya kupuliziwa puani, ambayo hutolewa kwa watu wa miaka 2 hadi 49. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa hadi vikawa haviwezi kustawi kwenye joto la mapafu, na kweli inaweza kumwacha mtu na kamasi kwa siku chache. Haifai kwa mjamzito wala kwa mwenye kinga dhaifu, na mwenye pumu asipuliziwe kabla ya kuzungumza na daktari. Waulize zahanati yenu wanatumia ipi, usije ukawaambia wanafunzi "haina virusi hai" kumbe ni hiyo ya puani.

Hapa kuna jambo ambalo hata mimi lilinibadilisha namna ya kuzungumza. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walichapisha jaribio ambamo waliwaeleza watu, kwa ushahidi, kwamba chanjo haisababishi mafua. Watu walielewa na imani ile potofu ikapungua. Lakini wale waliokuwa na hofu kubwa ya madhara walitoka wakiwa na nia ndogo zaidi ya kuchanjwa kuliko wenzao wenye hofu hiyo hiyo ambao hawakupewa maelezo hayo. Huenda kuambiwa jambo wasiloliuliza kuliwaamshia hofu nyingine. Kwa hiyo maelezo haya yote niliyokupa yaweke mfukoni. Anayeuliza mjibu kwa ukamilifu. Usiyabandike ukutani kwa maandishi makubwa kuwaambia watu 600 kuhusu hofu ambayo huenda 500 kati yao hawakuwa nayo.

Shaka ya pili: "sisi ni vijana". Hapo wanafunzi wako wana haki nusu, na ninakusihi uwape hiyo nusu yao. Kijana wa miaka 20 asiye na maradhi mengine, akipata influenza, karibu kila mara atapona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote influenza ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka, na wengi wao ni wazee, watoto wadogo na wenye maradhi sugu. Ukiwaonyesha picha za mashine za kupumulia, wanajua moyoni kwamba hao si wao, na kuanzia hapo hata ukweli wako unapoteza uzito.

Nusu ya pili ni kwamba wengi wao hawajawahi kutofautisha mafua na influenza. Mafua ya kawaida huanza kwa kukerekwa kooni, kamasi, unapiga chafya huku unaendelea na shughuli zako. Influenza humwangusha mtu. Asubuhi yuko kwenye kipindi, jioni hawezi kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto, mifupa inauma, taa inamchoma macho. Homa hudumu siku tatu hadi tano, kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Kwa mwanafunzi, wiki mbili ni sehemu kubwa ya muhula. Ukitaka kuzungumza na kijana kuhusu jambo linalomhusu kweli, zungumza naye kuhusu wiki hizo mbili na mtihani ulio katikati yake.

Halafu kuna chumba chenyewe. Mwenye influenza huanza kutoa virusi kama siku moja kabla hajajua kuwa anaumwa, na huendelea siku tano hadi saba baada ya dalili kuanza. Chukua chumba cha watu wanne, vitanda vya deka, dirisha limefungwa usiku. Yule wa juu anaongea, anacheka, anakohoa mara mbili, na matone madogo sana yanabaki hewani mnamopumua wote mpaka asubuhi. Hakuna aliyekosea. Kesho kutwa wawili wako chini, na mmoja wao anasafiri mwisho wa wiki kwenda kumwona bibi yake, au ana dada mwenye kichanga. Chanjo hupunguza uwezekano wa kuanza kwa mnyororo huo, ingawa usiwaahidi kwamba aliyechanjwa hawezi kuambukiza. Anaweza. Ila asiyeugua hatoi kikohozi cha kumpa mwenzake.

Sasa shaka ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inatoka kwa mtu anayefikiri: mbona kila mwaka? Kirusi cha influenza kimevaa juu ya ganda lake protini mbili zinazoandikwa kwa kifupi H na N. Ndiyo maana unasikia H1N1 na H3N2. H ndiyo ufunguo wake wa kuingilia kwenye seli zetu, na ndiyo ambayo kingamwili, yaani protini za ulinzi zinazotengenezwa na mwili, huikariri ili kuitambua tena. Tatizo ni kwamba kirusi hiki hujinakili kwa uzembe mkubwa. Kila nakala ina makosa madogo, na baadhi ya makosa hubadilisha sura ya H kidogo kidogo, hadi kingamwili za mwaka juzi zinaitazama zisiitambue. Juu ya hayo, kinga ya chanjo yenyewe hupungua kadiri miezi inavyopita.

Waliolipa gharama ya kulijua hili mapema walikuwa wanafunzi wa chuo. Moja ya chanjo za kwanza za influenza zilizotumika kwa watu wengi ilitengenezwa Marekani miaka ya 1940 na Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, Jonas Salk, ambaye baadaye alikuja kusifika kwa chanjo ya polio. Ilijaribiwa kwa vijana wa jeshi, ikawakinga vizuri. Kisha zaidi ya wanafunzi 10,000 wa Michigan wakachanjwa, na maelfu ya wenzao hawakuchanjwa. Influenza ilipoingia chuoni mwaka 1947, makundi yote mawili yaliugua karibu sawa. Chanjo ilikuwa nzuri, ila kirusi kilikuwa kimeshabadilika. Francis na wenzake hawakulificha, walilichapisha. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mtandao wa maabara za kukifuatilia kirusi hiki, na hadi leo wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wakaangalia aina zipi zinazunguka na kuamua chanjo ijayo iwe na nini. Hata hivi karibuni mabadiliko yametokea: aina moja ya influenza B, iitwayo Yamagata, haijaonekana tena ikizunguka duniani tangu Machi 2020, na chanjo zilizokuwa na aina nne zinarudi kuwa na tatu. Kwa hiyo sindano ya mwaka huu si ile ya mwaka jana iliyorudiwa.

Na wakikuuliza inafanya kazi kiasi gani, wape namba halisi. Msimu ambao aina zilizochaguliwa zinashabihiana na zinazozunguka, chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Misimu mingine ni chini ya hapo. Wengi huisikia namba hiyo vibaya, wakadhani watu 40 wamekingwa na 60 wameachwa. Maana yake ni hii: kama bila chanjo wanafunzi 10 wa ghorofa moja wangeugua kiasi cha kwenda zahanati, wakichanjwa wote, 4 hadi 6 kati yao hawafiki huko. Na wengi wa wale wanaougua licha ya kuchanjwa huugua kwa wepesi zaidi. Mimi naichukua kila mwaka nikijua hivyo. Sijawahi kuiita ngao ya chuma.

Swali la korona na moyo lilikuwa swali zuri, na kijana yule anastahili kujibiwa hadharani kama alivyouliza hadharani. Ni kweli: chanjo za korona za aina ya mRNA, yaani zile zinazozipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi, zinaweza kusababisha uvimbe wa misuli ya moyo. Ni nadra, huwapata zaidi wavulana na wanaume vijana, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili. Kwa kundi hilo ni visa vichache kwa kila dozi 100,000. Wengi wao hupona kwa mapumziko na uangalizi wa daktari. Ni kweli pia kwamba korona yenyewe huleta uvimbe huo huo. Aliyewahi kuupata baada ya chanjo asichomwe nyingine ya aina hiyo kabla ya kuonana na daktari wa moyo.

Mwambie na hili pia: chanjo ya korona na chanjo ya mafua ni vitu viwili tofauti, na ushauri kuhusu ile ya korona kwa vijana umebadilika. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliacha kuhimiza dozi za nyongeza za mara kwa mara kwa vijana wenye afya ambao tayari walipata zile za mwanzo, likaelekeza nguvu kwa wazee, wajawazito, wenye maradhi sugu na wahudumu wa afya. Nchi zinatofautiana, kwa hiyo fuateni mwongozo wa wizara yenu. Kuhusu RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa ambacho chanjo zake zilianza kuidhinishwa mwaka 2023, hizo ni hasa za wazee na wajawazito. Wanafunzi wako wenye afya hawazihitaji.

Uliniuliza kama chanjo ya mafua haina madhara. Usiseme haina. Sema ina maudhi madogo kwa wengi na madhara makubwa kwa wachache mno, kisha uyataje. Mzio mkali wa ghafla hutokea kwa mtu kama mmoja katika dozi milioni, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu mtu huombwa akae dakika 15 kabla ya kuondoka, na ndiyo sababu dawa ya kuutuliza lazima iwe mezani. Mwenye mzio wa mayai, ambaye zamani tulimrudisha, leo anaweza kuchanjwa. Lipo pia tatizo la neva liitwalo Guillain-Barré, ambalo humletea mtu udhaifu unaoanzia miguuni. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja zaidi ya watu milioni 40 dhidi ya influenza ya nguruwe, ikaonekana mtu mmoja wa ziada katika kila 100,000 akipata tatizo hilo, na kampeni ikasimamishwa. Chanjo za msimu za sasa, pale uhusiano unapoonekana, ni mtu mmoja au wawili katika milioni, na influenza yenyewe huleta tatizo hilo hilo mara nyingi zaidi. Aliyewahi kuugua Guillain-Barré amwone daktari kwanza.

Sasa nirudi kwa wale wasiofika, ambao naamini ndio wengi wako.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mlezi wa wanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi vijarida kuhusu pepopunda. Baadhi vilikuwa vya kutisha hasa, vyenye picha, vingine vya upole. Waliotishwa walisema wameogopa zaidi na wananuia zaidi kuchanjwa. Walipohesabiwa waliofika kweli kwenye chumba cha sindano, kutishwa sana hakukuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni karatasi moja: ramani ya chuo iliyozungushiwa duara jengo la afya, saa za chanjo, na ombi kwamba mwanafunzi atazame ratiba yake ya wiki aone atapita pale saa ngapi. Waliopewa karatasi hiyo pamoja na maelezo walichanjwa asilimia 28. Waliopewa maelezo bila karatasi, asilimia 3. Na hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, jengo lile wanalijua vizuri.

Kwa hiyo zile picha za mashine zibandue. Mahali pake weka siku, saa na mlango. Na ukiweza, fanya zaidi ya hapo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, huko huko Marekani, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliambiwa chanjo ipo, waweke miadi wenyewe. Jingine liliambiwa miadi yako ni siku fulani saa fulani, ukitaka badilisha au ifute. Uhuru ulikuwa ule ule, lakini walichanjwa asilimia 33 upande wa kwanza na 45 upande wa pili. Wewe una orodha ya vyumba. Mtumie kila mkazi ujumbe wenye jina lake na saa yake, ghorofa kwa ghorofa, ukimwambia wazi kwamba anaruhusiwa kuahirisha au kukataa na hakuna atakayemuuliza. Wakazi wa chumba kimoja wapange pamoja, maana mtu akimwona mwenzake amevaa viatu, naye huvaa.

Meza yenyewe iondoe zahanati. Iweke mahali wanapopita lazima, kwenye ukumbi wa chini wa hosteli au mlango wa bwalo, jioni, baada ya vipindi. Hakikisha tu kuna muuguzi, kisanduku cha baridi, dawa ya mzio na viti vya kusubiria. Zungumza mapema na viongozi wa madarasa na manahodha wa timu, na wachanjwe wao siku ya kwanza, mbele za watu. Ukichagua wiki, kwepa ile ya mitihani. Mkono unaouma siku ya mtihani ni sababu halali kabisa ya kukwepa sindano, na mwanafunzi aliyeahirisha hivyo harudi.

Wapo wanaoogopa sindano, na hawatakwambia. Namkumbuka golikipa wa timu ya chuo kimoja, kijana mrefu, aliyekuja na wenzake wanne wakitaniana. Zamu yake ilipofika niliona jasho juu ya mdomo wake, na vidole vimeshika ukingo wa kiti kwa nguvu. Dakika moja kabla alikuwa ananieleza kwamba kinga yake ya asili inatosha. Nilimlaza kwenye benchi nyuma ya pazia, nikamwambia akaze misuli ya mapaja na tumbo kwa sekunde kumi na tano, aiachie, akaze tena. Kukaza huko huzuia presha isishuke ghafla, na presha ikishuka ghafla ndipo mtu anapozimia. Tulirudia mara tano. Alichomwa akiwa anatazama dari, akalala pale robo saa, akaondoka kwa miguu yake. Mwambie muuguzi wako atenge benchi na pazia, na tangazo lako liseme tu: ukiogopa sindano, tuambie, kuna nafasi ya faragha.

Kuhusu kulazimisha, nitakupa msimamo wangu bila kuzunguka. Kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na wengine wanaoingia wodini, sharti lina sababu, kwa kuwa wanagusa wagonjwa ambao influenza inaweza kuwaua. Hao hata hivyo wapewe nafasi ya msamaha wa kitabibu. Kwa wanafunzi wengine, kumnyima kijana chumba kwa ajili ya chanjo inayopunguza hatari kwa takriban nusu, na ambayo mwakani utamhitaji aichukue tena, ni adhabu kubwa kuliko kosa. Utapata sindano za mwaka huu na kupoteza imani ya miaka mitatu. Tena hujajaribu bado kuwasogezea. Jaribu kwanza, uhesabu, kisha mkae tena ofisini na namba mkononi. Na majina ya wasiochanjwa yasionekane ukutani wala kwenye kundi la simu. Hizo ni habari za afya ya mtu.

Fungueni madirisha, hata upenyo mdogo usiku. Anayeumwa apewe nafasi ya kupumzika bila kuhesabiwa mtoro, maana anayelazimika kuja darasani na homa anawaletea wote. Antibiotiki hazigusi virusi, kwa hiyo wasinunue vidonge vilivyobaki vya rafiki. Wenye umri wa miaka 18 na chini wasitumie aspirini wakiwa na homa ya influenza, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa hatari wa ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo sahihi inatosha.

Zipo dalili ambazo mwanafunzi akiwa nazo, usimwache alale ili "tuone kesho". Anahema kwa shida au anashindwa kumaliza sentensi. Kifua kinauma au kinabana. Amechanganyikiwa au haamki vizuri. Midomo au ulimi umegeuka rangi. Hajakojoa mchana kutwa. Homa iliyokuwa imeshuka imerudi na kikohozi kimezidi, kwani hapo huenda nimonia imeingia. Homa yenye shingo ngumu, au vipele visivyofifia ukivibonyeza kwa gilasi, ni dharura ya dakika hiyo hiyo, maana homa ya uti wa mgongo huenea hosteli pia na ina chanjo yake, waulize zahanati. Mwenye pumu, kisukari, selimundu, ugonjwa wa moyo, au mjamzito, aende kwa daktari ndani ya saa 48 za kwanza za homa hata akiwa anajiona imara, kwa sababu dawa za kuipiga influenza kama oseltamivir hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema. Na baada ya chanjo yoyote: uso kuvimba au pumzi kukata ni dharura papo hapo, kifua kuuma au moyo kwenda mbio ndani ya wiki moja ya chanjo ya mRNA ni safari ya hospitali, na udhaifu unaopanda kutoka miguuni katika wiki zinazofuata vivyo hivyo.

Lililobaki ni yule kijana wa pumu, na kwake usingoje siku ya meza. Mwite kesho, peke yake. Muulize kama amechanjwa. Muulize kama dawa yake ya kuvuta ya kila siku anaitumia kila siku, au anasubiri mpaka abanwe. Mwombe akuonyeshe pampu, uangalie tarehe. Kisha mpeleke kwa daktari anayemtibu ili apate chanjo ya sindano na mpango ulioandikwa wa nini afanye akianza kukohoa, na nakala ya karatasi hiyo ibaki kwako na kwa mwenzake wa kitanda cha juu.